Bwana Wadudu na Nyumba Iliyojaa

Ukimkaribisha kiti alikishika mgongo, akaendelea kusimama. Chai aliinywa akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, na ukimwambia, "Shemeji, kaa basi," alijibu, "Nakaa, nakaa," halafu huyo nje, anakwenda kutazama kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona. Kwa miaka mingi tulipakana ukuta katika nyumba za serikali pale Ufukoni, na sikumbuki kumwona amekunja miguu akatulia. Mimi ni mtu wa Mikindani, nimelelewa na watu wanaojua kukaa barazani. Mtu wa namna ile alinichosha macho.

Watu walimwita Bwana Wadudu. Alikuwa idara ya kilimo, upande wa wadudu waharibifu, na ugomvi wake mkubwa ulikuwa na viwavijeshi, wale wanaotokea baada ya mvua za kwanza na kuufagia mtama na mpunga mpaka yabaki mabua. Cheo chake halisi kilikuwa kirefu na kilikuwa na Kiingereza ndani yake, hakuna aliyejisumbua nacho. Alitoka Upare, Mlutheri, mrefu, suruali zake zimeishia juu ya vifundo. Mabwana wengi wa bara walioletwa Mtwara na serikali walikuwa wakiulizia uhamisho kabla hawajafungua masanduku. Yeye alipapenda. Alisema nondo wa huku hakuna aliyewahi kuwatazama vizuri, na alilisema hilo kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu njiani.

Sokoni Chikongola wauza mboga walimwekea majani yaliyoliwa na wadudu. "Bwana Wadudu, leo tuna mabaya kweli kweli, njoo!" Naye alikuja mbio, akachagua majani yenye matundu huku mkewe kasimama pembeni amejifunika mdomo kwa kanga. Siku moja kwenye harusi ya kanisani kwao, maharusi wanatoka, kwaya inaimba, yeye yuko mstari wa mbele wa wazee wa kanisa. Ghafla akainama kuokota kiwavi kwenye nyasi. Wa nyuma yake wakamgonga, na wa nyuma ya hao wakawagonga wao, na bibi harusi nusura aanguke. Alipoinuka alikuwa na kiwavi kiganjani na tabasamu, wala hakuelewa kwa nini mchungaji anamtazama vile.

Ofisini walimpa chumba kidogo, kwa hiyo nusu ya kazi aliileta nyumbani. Uani kwake, juu ya ubao mrefu, kulikuwa na chupa za jamu zilizofungwa kitambaa chepesi mdomoni. Ndani ya kila chupa jani la mahindi. Chupa nyingine zilikuwa na kiwavi mmoja, nyingine zilikuwa na kundi zima. Mimi nilikuwa mkunga wa hospitali, nimezoea vitu vinavyozaliwa, lakini zile chupa zilinitia kichefuchefu. Hilo halikumzuia kunifundisha.

"Tazama, shemeji. Hawa ni ndugu. Mama mmoja, mayai ya siku moja. Huyu nimemweka peke yake."

Yule wa peke yake alikuwa wa kijani, amejilaza juu ya jani, mvivu kabisa. Wale waliojazwa pamoja walikuwa weusi, wana mistari, na hawakukaa. Walizunguka chupa, vichwa juu, mmoja anapanda mgongo wa mwingine, kama wana safari.

"Umewapaka nini?" nilimwuliza.

"Sijawapaka kitu. Ni kugusana tu. Wanagusana, wanagusana, mpaka wanageuka."

Na wakishageuka nondo, alinieleza, mambo yanaendelea. Aliyekua na nafasi anatoka mnene, hana haraka, anataga pale pale karibu. Aliyesongwa utotoni anatoka mwembamba na hana raha. Huyo mayai hayafikirii kwanza, anataka kuruka. Ataruka usiku baada ya usiku, atavuka mto na wilaya, na kutaga kwake kutachelewa, na akitaga atataga pungufu. Mkulima haoni huo upungufu kwa sababu wao ni wengi mno, lakini ukimchukua mmoja mmoja utauona.

"Msongamano hauzai, shemeji," alimalizia.

Neno hilo alilichukua kila mahali. Foleni ya sukari ikigombana, msongamano hauzai. Darasa la mkewe likifeli, msongamano hauzai. Mabwana shamba wenzake walimtania kwa neno hilo hilo wakigombania kiti cha mbele cha gari. Alicheka nao, lakini yeye hakuwa anatania.

Sasa njoo uione nyumba ya mtu huyo. Vyumba viwili na ukumbi. Mpwa wake aliyekuja kutafuta kazi bandarini. Shemeji yake wa kike aliyekuja kwa likizo ikapita likizo. Kijana wa kwaya aliyefukuzwa na baba yake. Binamu na mke wa binamu. Na mtu yeyote wa Upare aliyekanyaga Mtwara, hata kama hakuwahi kumsikia, alielekezwa mlango ule. Mvua zikianza, barabara ya Rufiji hufungwa, kwa hiyo aliyekuja kwa wiki alikaa mpaka nchi ikauke. Walilala ukumbini, walilala jikoni, mmoja alilala chini ya ule ubao wa chupa. Bwana Wadudu akitoka asubuhi aliruka miguu ya watu na kulalamika kwa sauti kwamba hii si nyumba, ni chupa. Jioni mgeni mpya akibisha hodi, nani anayefungua huku anachekelea? Ni yeye. Sikumwona kumnyima mtu mahali pa kulala hata siku moja, na sikumsikia hata siku moja akiacha kulalamika.

Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na shoga yangu. Mimi niliitwa Mama Zuhura, jirani wa upande wa pili Mama Yohana, kila mwanamke pale bombani alikuwa mama wa fulani. Yeye aliitwa Mwalimu. Lilikuwa jina la heshima, lakini wote tulijua limekaa pale kuziba pengo. Hakuwa na mtoto. Akija bombani na ndoo, mazungumzo ya uchungu na kunyonyesha yalikatika, tukaanza kuzungumzia bei ya samaki. Jioni, ndani ya ile nyumba iliyojaa, sufuria dogo la mizizi lilichemka pembeni ya sufuria la ugali, naye aliinywa ile mizizi mbele ya wageni wote kama mtu anayekunywa maji. Alikwisha kunywa ya Newala, ya Masasi, na ya ng'ambo ya Ruvuma.

Ndipo akaja mama yake Bwana Wadudu. Alishuka melini na kapu na godoro lake, akaingia chumba cha pili, akawatoa waliokuwamo. Nilikwenda kumsalimia.

"Shikamoo, mama. Karibu Mtwara. Umekuja kututembelea?"

"Marahaba. Nimekuja kusubiri."

Alimsubiri mjukuu. Alikaa mlangoni kwenye kigoda, anamtazama mkwewe tumboni akitoka kwenda shule, anamtazama tumboni akirudi. Hakuwa mama mbaya. Alinisaidia kumwuguza Zuhura alipopata homa, kama mtoto wake. Lakini neno lake lilikuwa moja, na alilisema mchana kweupe: nchi ikikauka na hakuna dalili, huyu binti atarudishwa kwao, na mwanawe atatafutiwa mwingine. Nilipomkumbusha kwamba wao ni Wakristo na ndoa imefungwa kanisani, alisema kanisa atazungumza nalo yeye.

Nilimfuata Bwana Wadudu uani.

"Shemeji, mchukue mwenzio mwende hospitali ya misheni. Kule wana daktari wa mambo hayo. Mwende wote wawili."

"Wote wawili?"

"Wewe si wa kilimo? Mahindi yasipoota mnapima udongo peke yake? Na mbegu je?"

Alicheka akanipa kisogo, akainua chupa na kuitazama juani. "Mimi sina tatizo, shemeji. Tatizo ni hili hapa." Akaonyesha kwa kidole mlango wa nyuma, ambako watu watatu walikuwa wamekaa kwenye ngazi wakimenya mihogo. "Mwanamke anaishi kati ya watu wote hawa. Anaguswa mabega toka asubuhi. Mwili wake unajua hakuna nafasi. Unaahirisha."

Nilidhani ananitania. Nikamtazama usoni nikaona sivyo. Mtu mzima, msomi, kaoa mtu, na anamsoma mkewe kutoka kwenye chupa ya jamu! Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, nikaondoka na hasira zangu.

Mwaka ule watu wa bonde la Ruvuma walikuwa wakihamishwa kutoka mashamba yao yaliyotawanyika na kuwekwa pamoja vijijini, nyumba kwa mistari. Ng'ambo kulikuwa na vita na Wareno, na huku ndege zikipita watu waliingia vichakani. Bwana Wadudu alipelekwa kuwaonya juu ya viwavijeshi. Hadithi hii alinisimulia yeye mwenyewe. Alisimama mkutanoni, akaeleza habari zake zote, kijani na weusi, kusongana na kuruka, akafika penye mayai. Bibi mmoja wa Kimakonde, na ndonya yake ya mti kwenye mdomo wa juu, akanyoosha mkono.

"Nwanangu, hao wakikaa pamoja hawazai vizuri?"

"Ndiyo, bibi."

"Na sisi nnaotuweka pamoja?"

Mwenyekiti akakohoa. Katibu akatazama viatu vyake. Bibi mwenyewe ndiye aliyemwokoa Bwana Wadudu.

"Usiogope, nwanangu. Sisi si madudu. Dudu halina nkwe wa kulisema."

Mkutano mzima ukacheka, na katibu alimwonya baadaye achunge mifano yake. Lakini neno la mkwe lilimwingia. Alirudi Mtwara ameshika uamuzi, na kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kuzungumza, alimchukua mama yake akampeleka uani kwenye chupa.

Nilikuwa naanika nguo, nikaona yote juu ya ukuta. Alimweleza taratibu, kwa Kipare na Kiswahili. Huyu peke yake, hawa pamoja. Huyu anataga, hawa wanaruka. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma.

"Kwa hiyo mimi ni kiwavi," alisema.

"Sikusema hivyo, mama."

"Nimekulea chumba kimoja na wenzio wote. Leo nimekujazia nyumba."

Aliamua kurudi kwao, na siku mbili zilizobaki kabla ya meli hakula chakula cha pale, alikula kwangu. Na asubuhi ya kuondoka alipita bombani makusudi, wanawake wote wako pale na mkwewe ana ndoo mkononi. "Namwachia tasa wake," alisema. "Wapeane nafasi." Kufikia mchana neno hilo lilikuwa limefika Chikongola. Watoto wa shule walilijua. Nilimwonea huruma shoga yangu, nikambebea ndoo.

Nyumba ikaisha watu. Ndugu wakasikia mama kafukuzwa kwa ajili ya wadudu, wakaondoka mmoja mmoja, wengine bila kuaga. Hata mpwa wa bandarini akahamia kwa rafiki. Kimya cha nyumba ile kilipita ukutani kikaja mpaka kwangu. Bwana Wadudu hakukiweza. Yeye aliyekuwa akililia nafasi, sasa akitoka kazini anaingia kwangu, anaingia kwa Mama Yohana, anashika viti migongo, anauliza kama kuna mgeni yeyote aliyekosa mahali.

"Afadhali walipokuwapo," shoga yangu aliniambia tukichambua mchele. "Nilikuwa na kazi, nilikuwa na kelele. Wengine nilikuwa nawaita mimi, nikimwandikia mdogo wangu, njoo, mlete na fulani. Watu wakiwa wengi hakuna anayekuuliza. Sasa nimebaki mimi naye. Kila mwezi ananitazama kama anavyotazama chupa."

Mwaka ukapita hivyo, na mwingine ukaanza. Hakuna kitu. Mizizi ilirudi jikoni.

Kitu kilichombadilisha Bwana Wadudu kilitoka kwenye ule ule ubao. Asubuhi moja ya Jumapili nilipeleka sahani ya vitumbua nikamkuta peke yake, mkewe kaenda kanisani. Ameshika chupa yenye nondo wawili na uso wake umepauka.

"Shemeji, unajua nimefanya nini miaka yote hii?"

"Umetunyima usingizi na taa zako za kutegea nondo."

Hakucheka. "Kila chupa najua habari za jike. Alikua wapi, alikula nini, alisongwa kiasi gani, katoa mayai mangapi. Asipotaga naandika, jike hili halikutaga. Dume nilimtia ndani tu. Dume yeyote aliyekuwa karibu. Sikuwahi kumwuliza dume habari zake."

Nilikuwa na jibu mdomoni, tena kali, nililolihifadhi kwa miaka. Nilipomtazama nililimeza. Nikaweka vitumbua juu ya ubao, kati ya chupa, nikaenda zangu.

Wiki chache baadaye alichukua ruhusa, akasema anakwenda kukagua mtama huko bara. Aliporudi hakuzungumza na mtu. Na mimi nilikuwa na mengine ya kufikiri, kwa sababu barua ilikuwa imekuja kutoka Upare. Mjomba wake na wazee wa ukoo walikuwa wameamua. Wangepanda meli inayofuata, waje wamchukue Mwalimu na kumrudisha kwa wazazi wake kwa taratibu zote. Shoga yangu alinionyesha barua akiwa ameikunja mara nyingi, kama anataka iwe ndogo. Alikuwa ameanza kupanga nguo zake.

Mara ya mwisho kumwona vizuri Bwana Wadudu ilikuwa posta. Ilikuwa mwisho wa mwezi na posta ilijaa mpaka ngazini: makuli wa bandari wanatuma pesa nyumbani, walimu, akina mama wa Ufukoni karibu wote, Mama Yohana na mtoto mgongoni. Mimi nilikuwa nyuma kabisa na kifurushi changu, na shoga yangu alisimama nami. Mumewe alikuwa mbele, anakaribia dirisha la simu za maandishi.

"Anatuma nini?" nilimwuliza.

Alisogea sikioni kwangu. "Wazee wasije. Amepimwa, Mama Zuhura. Ameniambia jana. Ni yeye."

Niliishika ile habari na sikujua niiweke wapi. Nilikumbuka kila sufuria la mizizi. Nilitaka kupita kati ya watu nikamzabe kofi mtu mzima.

"Na wewe umesema nini?"

"Nimesema wazee wasije. Basi. Ataandika safari imeahirishwa. Watu wasijue, aibu itamwua."

Hata hapo alikuwa anamhurumia yeye.

Karani wa dirisha lile alikuwa kijana mpole mwenye desturi moja ambayo Mtwara nzima iliijua. Kwa kuwa wateja wengi hawakujua kusoma na maandishi yaliandikwa na wengine, kila simu aliisoma kwa sauti kabla ya kuituma, mwenyewe akubali kwamba ndiyo. Misiba yetu yote tuliisikia pale. Alipokea karatasi ya Bwana Wadudu, akaanza kama kawaida yake.

"Mama. Wazee wasije. Nimepimwa…"

Akasita. Macho yake yakatangulia mbele ya mdomo. Akainama kuelekea dirishani, akasema chinichini, lakini posta ilikuwa imeshanyamaza na tukasikia. "Mzee, haya si afadhali uandike barua?"

"Barua itawakuta melini. Soma."

Karani akaendelea, sasa kwa mnong'ono, midomo inacheza tu. Shoga yangu alinibana mkono mpaka kucha zikaingia.

"Kwa sauti, ndugu," Bwana Wadudu alisema. "Walio nyuma hawajasikia."

Watu wakageuka. Mama Yohana alitazama sakafu. Karani alimtazama kwanza yeye, kisha akatutazama sisi wote tuliojaa mle, akapangusa uso kwa kiganja.

"Mama," akasoma, na safari hii kila mtu alisikia. "Wazee wasije. Nimepimwa. Asiyezaa ni mimi. Mke wangu ni mzima. Tulimwonea."

"Ndiyo," alisema Bwana Wadudu. "Ndivyo nilivyoandika."

Shoga yangu akauachia mkono wangu. Akajifunga kanga vizuri kiunoni, akaanza kwenda mbele.